Mgongo wa Mke wa Timazi

Palikuwa na fundi uashi ambaye hakuweza kuvumilia kitu kilichopinda. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake, na hiyo hiyo ndiyo ilikuwa kasoro yake. Kuta zake zilisimama wima hata mafundi wenzake wakambandika jina la Timazi, yaani kile kipande cha chuma kinachoning'inizwa kwenye uzi kupima kama ukuta umenyooka. Ubaya ni kwamba hakujua kuacha kupima akisharudi nyumbani. Picha ya ukutani ikilala upande kidogo tu, chai haimshuki mpaka aende kuinyoosha. Akikuta meza inacheza, ataikunjia karatasi aiweke chini ya mguu, hata kama ni nyumba ya watu na yeye kaalikwa tu. Mkewe alikuwa akimcheka. Alimwita "Fundi" tangu enzi zile alipokuja kupiga lipu nyumba ya baba yake, na jina hilo halikubadilika hata baada ya ndoa na mtoto.

"Fundi," alikuwa akimwambia, "wewe siku moja utawanyoosha na wageni."

Wageni walisalimika. Aliyenyooshwa ni huyo mke.

Mama huyu alikuwa dobi wa hoteli. Maisha yake yote ya kazi yalipita kwenye chumba cha kufulia, kati ya mashine zinazonguruma na malundo ya mashuka, na tangu usichana alikuwa mtu wa mbiombio. Ukimtuma, hujakaa vizuri keshafika. Ndiyo maana Timazi alishangaa pale mkewe alipoanza kubaki nyuma njiani. Siku za mapumziko walikuwa na desturi ya kwenda kwa miguu kumsalimia dada mkubwa wa Timazi, aliyekuwa akiishi upande wa pili wa kilima. Sasa ikawa kila wakienda kidogo, mama kasimama. Mara anaangalia viatu dukani. Mara kainamia ukuta mfupi wa watu, anajifanya anatazama maua. Mara kaketi kwenye ngazi za duka, tena bila haya, kajikunja, anasugua mapaja.

"Miguu inawaka moto," alisema. "Halafu inakuwa mizito, kama siyo yangu."

Akikaa kidogo, anainuka mzima, wanaendelea. Baada ya mwendo mfupi, yaleyale. Timazi alijikuna kichwa. Ugonjwa gani huu unaopona kwenye ngazi za duka? Na kilichomtia shaka zaidi ni kile kilima. Kukipanda, mkewe alipanda vizuri tu, kainama mbele, mikono magotini wakati mwingine, lakini hasimami. Ikija kushuka ndipo balaa linapoanza: uso unamkunjamana, anatafuta pa kukaa, anauma meno.

"Watu wote wanapanda kwa shida, wanashuka kwa raha," Timazi alimwambia. "Wewe peke yako ndiye umezaliwa kinyume."

Mwanzoni alisema kwa utani na mkewe alicheka. Baadaye aliendelea kusema lakini utani ulikuwa umeshatoka, na mkewe akaacha kucheka. Siku moja kandambili ilimvuka mama mguuni katikati ya barabara na yeye akaenda zake peku bila habari. Timazi alirudi kuiokota. Badala ya kujiuliza inakuwaje mtu hajui kama amevaa kiatu au hajavaa, alimning'inizia ile kandambili usoni na kumuuliza kama na macho nayo yamechoka.

Halafu mama akaanza kutembea ameinama. Hapo tuseme ukweli, maana Timazi mwenyewe hakuwahi kuusema: aliona aibu. Mtu ambaye mtaa mzima unamsifu kwa kunyoosha, anaongozana na mke aliyepinda! Vijana wa kazini walishaanza kumchokoza. "Mzee Timazi, ule ukuta wa nyumbani unaegama, utaangukia watu." Alicheka nao, lakini maneno yale yalimkaa moyoni.

Ndipo akaja na dawa yake. Kila asubuhi, kabla ya chai, alimsimamisha mkewe kwenye ukuta wa sebule, ukuta aliopiga lipu kwa mikono yake mwenyewe. Visigino viguse ukuta, makalio yaguse, mabega yaguse, kisogo kiguse. Asimame hivyo hadi maji yachemke.

"Fundi, naumia."

"Kiuno kinauma kwa sababu kimezoea kupinda. Kikinyooka kitaacha."

Maji nayo siku hizo yalichelewa kuchemka, au ndivyo mama alivyoona. Alisimama, jasho jembamba likimtoka juu ya mdomo, moto ukimshuka kutoka makalioni mpaka kwenye nyayo. Mumewe alisimama mbele yake, jicho moja kalifumba, anampima. Hakuwa mkatili. Hilo ndilo linaloudhi katika habari hii yote. Alimpenda mkewe, na alidhani anamtengeneza.

Mama kwa siri alipitia zahanati akitoka kazini. Daktari wa pale alimgonga magoti, akampitishia pamba nyayoni na kumuuliza kama anaisikia, kisha akamwandikia aende hospitali kubwa akapigwe picha ya mgongo. Akamshauri aende na mtu wa nyumbani, maana hospitali ile ni kubwa na kuna mwendo kutoka dirisha moja hadi jingine. Timazi alipoambiwa alikubali shingo upande. Siku ikapangwa.

Siku hiyo haijafika, Timazi akaitwa kuziba nyufa kwenye ukuta wa nje wa hoteli ileile anayofanya kazi mkewe. Alikuwa juu ya jukwaa na mwiko wake, usawa wa dirisha la ukumbi mrefu wa ndani, aliposikia magurudumu. Akachungulia. Alimwona mkewe anasukuma toroli la mashuka, toroli limejaa hadi juu, yeye kaliinamia, viwiko juu ya chuma cha kushikia, anakwenda kama mtu aliyeachwa na gari. Ukumbi ule ni mrefu. Alikwenda hadi mwisho, akageuza, akarudi, wala hakusimama hata mara moja. Tena alikuwa anataniana na dobi mwenzake, anacheka kile kicheko ambacho nyumbani kilishakuwa adimu.

Damu ikamchemka Timazi. Ule udongo aliokuwa nao kwenye mwiko ulimkaukia mkononi.

Jioni alimngoja sebuleni, amekaza uso.

"Kumbe miguu ikifika kazini inapona."

Mama hakuelewa. Timazi akamweleza alichokiona, na alimweleza kama hakimu anayesoma mashtaka.

"Fundi, nikiliinamia lile toroli napata nafuu," mama alijitetea. "Sijui ni kwa nini. Naweza kusukuma siku nzima. Nikiliacha tu, nikisimama hivi, inaanza."

"Wewe hujui kwa nini, mimi najua. Ukiwa na wenzako uko mzima. Ukiwa na mimi, ukiambiwa twende kwa dada yangu, unakuwa kiwete."

"Mungu wangu! Dada yako kaingiaje hapa?"

"Uliza miguu yako."

Siku ya hospitali ilipofika, mama alivaa mapema, akachukua mkoba, akakaa kwenye kiti karibu na mlango. Timazi alitoka chumbani na nguo za kazi, ndoo ya vifaa mkononi.

"Hatuendi?" mama aliuliza.

"Nenda na toroli lako," akamjibu, na akatoka.

Kuna maneno ambayo mtu akiyasema anasikia raha, halafu raha yenyewe inaisha kabla hajafika kona ya mtaa. Timazi alipofika konani alisita kidogo. Angeweza kurudi. Akajiambia mkewe ataenda mwenyewe, au atampigia simu binti yao. Akaendelea na safari.

Mama hakwenda popote. Alivua nguo za safari, akazikunja, akaenda kazini kwa kuchelewa.

Tangu siku hiyo hakulalamika tena. Kama ni kusimama ukutani, alisimama, na alikuja mwenyewe bila kuitwa. Akiulizwa kama inauma, anasema haiumi. Safari za kwa wifi yake alizikwepa kwa visingizio vya kazi, na Timazi hakumsumbua, kwa sababu alishapata alichokitaka. Aliwatambia mafundi wenzake kazini. "Ugonjwa mwingine dawa yake ni msimamo," aliwaambia, na wao wakatingisha vichwa kwa heshima. Hakuona kwamba mkewe sasa hukaa pembeni kabisa mwa kitanda. Hakujiuliza kwa nini anaamka alfajiri kufua shuka, yeye anayeshinda akifua mashuka ya watu. Hakuuliza kwa nini mguu wa kulia unaburuta vumbi. Au tuseme aliviona vyote, lakini mtu akishatangaza ushindi hapendi kurudi uwanjani kuhakiki.

Aliyeona ni binti yao. Alikuwa ameolewa mji mwingine na alikuja kuwasalimia. Asubuhi alimsikia mama yake yuko bafuni muda mrefu, akabisha, akajibiwa kwa sauti ndogo. Akasukuma mlango. Mama alikuwa chini sakafuni, ameshindwa kuinuka, nguo zimelowa.

"Mama! Umeteleza?"

"Sijateleza. Mguu umekataa." Kisha akamshika mkono bintiye na kuuvuta karibu, kama anayetaka kumnong'oneza siri ya harusi. "Huku chini kote kumekufa ganzi, mwanangu. Mkojo unatoka wenyewe, sina habari nao. Usimwambie baba yako."

"Tangu lini?"

Mama aligeuza uso.

Timazi alipigiwa simu akiwa juu ya jukwaa, na alipofika hospitali kubwa roho ikiwa mkononi, mkewe alikuwa keshapigwa ile picha ya mgongo. Daktari wa mifupa na mishipa ya fahamu alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, asiyezunguka kwenye maneno. Alisema lazima afanyiwe upasuaji upesi, leo hii hii. Mtu mwenye maumivu ya mgongo na miguu akianza kufa ganzi mapajani kwa ndani, au mkojo na choo vikianza kumponyoka, hatakiwi kungoja hata kesho. Huyu mama alikuwa amengoja wiki nyingi.

"Alikuwa anangoja nini?" daktari aliuliza.

Upasuaji ulikwenda vizuri, kwa maana ya kwamba mama alitoka hai na ule moto wa miguuni ulizimika kwa sehemu kubwa. Alipopata nguvu ya kukaa, daktari alikuja kuwaeleza. Timazi alisimama kwenye miguu ya kitanda, kofia mikononi. Binti alikaa kando ya mama yake.

"Ndani ya uti wa mgongo kuna mfereji," daktari alisema, "na mishipa ya fahamu inapita humo. Umri ukienda, mifupa inaota vinundu, kano zinanenepa, mfereji unakuwa mwembamba, mishipa inabanwa. Ni jambo la kawaida kwa watu wa makamo na wazee. Mgonjwa akisimama wima, au akitembea wima, unabana zaidi. Akikaa, au akiinama mbele kidogo, unafunguka, mishipa inapumua. Ndiyo maana wengi wao wanapata nafuu wakiegemea kitu wanachosukuma. Wanapanda mlima vizuri kuliko wanavyoshuka. Familia nyingine zinadhani wanaigiza."

Binti alimtazama baba yake. Timazi aliitazama kofia.

"Na mtu akisimamishwa ukutani?" aliuliza. "Nauliza tu. Akisimamishwa ukutani, anyooke?"

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Hapo unamwongezea mateso. Ni kama kuukanyaga mpira wa maji uliokwisha kubanwa. Nani alimsimamisha?"

Timazi alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, mkewe alisema kutoka kwenye mto, "Ni mazoezi tu nilikuwa nafanya, daktari. Nilijitungia mwenyewe."

Alisema bila kumtazama mumewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemficha mtoto asichapwe. Timazi aliona heri angeshtakiwa. Lakini mdomo wake aliufunga, na neno lililokuwa limefika kwenye ulimi alilimeza.

Binti ndiye aliyeuliza lililobaki: mama angekuja mapema, ingekuwaje? Daktari alisita, maana aliona wazi jibu litamwangukia mtu. Akasema wengi wanaishi na ugonjwa huu miaka mingi bila kisu. Wanafundishwa mazoezi ya kukunja mgongo na kukaza tumbo. Wanapewa dawa za maumivu, wengine wanachomwa sindano mgongoni. Wanagawa mwendo wao, wanatembea kidogo, wanakaa, wanaendelea. Na wakihitaji upasuaji, wanafanyiwa kwa utulivu, mishipa ikiwa bado hai. Huyu mama maumivu yamepungua, lakini mishipa ilibanwa muda mrefu. Unyayo wa kulia unaweza usinyanyuke tena kama zamani. Mkojo huenda akautoa kwa mpira maisha yake yote.

"Kuanzia sasa," daktari alimalizia, akimwinamia mama, "dawa yako kubwa ni kusema. Ukisikia maumivu mapya, ganzi mpya, udhaifu, unasema siku hiyohiyo. Usijikaze. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," mama alisema.

Walirudi nyumbani. Mama aliachishwa kazi ya hoteli, kwa maana nani atamweka dobi asiyeweza kusimama? Timazi alijifunza mambo ambayo hakuwahi kudhani ni ya mwanamume wa rika lake. Alijifunza kuchemsha ule mpira wa mkojo na kunawa mikono mpaka kwenye viwiko. Alijifunza kumfunga mkewe kile kifaa cha plastiki kinachozuia unyayo usining'inie. Walipewa fremu ya kutembelea yenye magurudumu, naye akaishusha urefu yeye mwenyewe, ili mkewe aitembeze ameinama mbele kidogo. Akaweka viti nyumba nzima: koridoni, jikoni, uani. Watu wakija wanagonga magoti kwenye viti.

Jioni walitoka kidogo barabarani, mama mbele, yeye nyuma, polepole. Siku moja fundi mwenzake wa zamani aliwapita akapiga kelele kwa nia njema, "Mama, nyoosha mgongo! Unatembea na Timazi wewe!" Timazi alimjia juu kwa matusi ambayo mtaa ule ulikuwa haujamsikia nayo. Yule bwana alirudi nyuma, bumbuwazi limemshika. Mkewe alisukuma fremu yake, na walipofika penye kiti akakaa.

Kitu kimoja Timazi alikuwa akikitafuta na hakukipata, nacho ni ugomvi. Angetukanwa angepumua. Alijaribu kuuanzisha yeye.

"Mke wangu, mimi nilikukosea," alisema siku moja wakiwa uani.

"Najua, Fundi."

"Nilikukosea sana."

"Najua. Nisogezee hicho kikombe."

Akamsogezea. Yakaishia hapo. Hakuwa amemnyima msamaha, wala hakuwa amempa. Alizungumza naye vizuri, alimshukuru kwa kila alichomfanyia, na Timazi alianza kuzichukia zile shukrani, kwa sababu zilikuwa za mgeni.

Kliniki walikwenda pamoja, hakukosa hata mara moja. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa kijana mchangamfu, mwenye mikono mikubwa. Alimlaza mama kitandani, akamkunja magoti kuyapeleka kifuani, akamsifu. Kisha akaunyoosha mguu wa kushoto, ule mzima, ule uliokuwa umebaki, akauinua taratibu.

"Hapa unauma, mama?"

Timazi alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, mkoba wa mkewe magotini. Alimwona mkewe akigeuza kichwa kwenye mto. Hakumtazama kijana. Alimtazama yeye, mumewe, na hakumtazama kwa hasira. Ilikuwa namna ile mtu anavyomwangalia mwenye nyumba kabla ya kuvuta kiti.

"Hauumi," mama alisema.

Vidole vyake vilikuwa vimelishika shuka hadi vimepauka.

"Safi sana," kijana alisema, akauinua zaidi.

"Unamuuma," Timazi alisema. Alisimama, mkoba ukaanguka. "Ushushe. Unamuuma!"

Kijana akaushusha mguu. Akawatazama wote wawili, kisha akamwinamia mama, kwa upole. "Mama, mzee anasema mguu huu unakuuma. Ni kweli?"

Mama alimtazama tena mumewe, muda mrefu kidogo.

"Yeye akisema unauma," alijibu, "basi unauma."

Kijana alicheka, akidhani ni utani wa watu waliozeeka pamoja. Timazi hakucheka. Aliinama kuokota mkoba, na alichelewa sana kuinuka.